Siku Kiraka Alipogoma Kutua

Kwenye chama cha warusha glaida kila mtu alikuwa na sifa yake. Kuna aliyesifiwa kwa kukata kona, kuna aliyesifiwa kwa kutua taratibu kama unyoya. Msusi yeye alisifika kwa kutafuta ndege yake vichakani. Kila mashindano, kabla hata chai haijapoa, watu walikuwa wamekwisha kumwona akiteremka kilima kwa makalio, akipangua miiba kwa mikono na kuita, "Kiraka! We Kiraka!" kana kwamba anaita mbuzi aliyekata kamba.

Glaida ni ndege ndogo isiyo na injini. Mtu anaitupa kutoka ukingoni mwa kilima, upepo unaopanda mteremko unaipokea, na wewe unaiongoza kwa rimoti ukiwa umesimama ardhini. Mkono ukiwa mwepesi, inakaa juu mpaka uchoke mwenyewe. Mkono ukiwa mzito, unakwenda kuitafuta.

Kiraka alikuwa mzima siku moja tu, siku aliyotoka dukani. Tangu hapo alikuwa ameanguka mara nyingi kuliko alivyoruka. Bawa la kushoto lilikuwa na kipande cha mbao, la kulia lilikuwa na kipande cha chupa ya shampuu, pua ilikuwa imejengwa upya kwa gundi tupu, na mkia ulishikiliwa na selotepu ya rangi tatu. Kila alipoanguka aliongezewa kitu. Hakuna siku alipunguziwa. Mumewe Msusi, ambaye ni fundi vigae na anajua uzito wa vitu, alikuwa akimnyanyua na kuguna.

Kwa nini basi Msusi hakuacha? Alikuwa akishinda saluni siku sita za juma, kwenye chumba chenye viti vitatu na kioo kimoja kirefu, mashine za kukaushia nywele zikivuma masikioni, mgongo ukimuuma, nywele za watu zikiwa zimenasa kwenye blauzi yake mpaka kwenye sidiria. Wateja walimpa habari za ndoa zao, za majirani zao, za matumbo yao. Kisha, mwaka ule alipoolewa, wifi yake alimpeleka kilimani, akamwekea rimoti mikononi na kumwambia, "Ishike, haing'ati." Ndege ikapanda. Kwa muda mfupi sana Msusi alihisi kama nyayo zake zimeachana na nyasi. Halafu akaiangusha. Lakini ule muda mfupi haukumtoka tena.

Asubuhi ya mashindano walipanda gari la kazi la mumewe. Kiraka alikaa mapajani mwa Msusi, kwa sababu kule nyuma kulikuwa na maboksi ya vigae na ndoo ya saruji.

"Leo tusitarajie makubwa, Mama Watoto," mumewe alisema. "Tukale upepo, tucheke na watu, turudi."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. Angemtania angalau, angepata la kumjibu.

"Wewe endesha gari," akasema.

Kilimani magari yalikuwa yamekwisha pangwa, viti vya kukunja vimefunguliwa, chupa za chai zinazunguka. Mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu asiyeachana na kipaza sauti chake hata anapoongea na mtu aliye mbele yake, alikuwa akieleza masharti ambayo kila mtu aliyajua. Ndege nne zinarushwa pamoja. Zinakimbia kwenda na kurudi mbele ya kilima, kati ya bendera nyekundu na bendera ya njano. Anayemaliza mizunguko kumi mbele ya wenzake ndiye mshindi. Raundi tatu kwa kila mtu, kisha wanne wenye pointi nyingi waingie fainali.

Wifi yake alikuwa amesimama ukingoni, mikono kiunoni. Alikuwa mkunga katika hospitali ya wilaya, dada mkubwa wa mumewe, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kuamrisha watu wasukume. Kombe la chama lilikuwa limekaa sebuleni kwake muda mrefu hadi likawa kama fanicha. Miguuni pake alilala Malkia, glaida yake mpya, nyeupe, nyembamba, inang'aa kama jino.

"Wifi yangu huyo!" Mkunga akapaza sauti. "Umekuja na ndege, au umeniletea mgonjwa?"

"Mgonjwa ni wako. Tutamwona jioni."

"Karibu, mpenzi wangu. Vichaka vimekuulizia tangu asubuhi."

Watu wakacheka mpaka wengine wakamwaga chai. Msusi naye akacheka, maana utani wa mawifi haukasirikiwi. Ila aliposhika rimoti kwa raundi ya kwanza, alijua kwamba leo hataki kurudi vichakani.

Upepo wa asubuhi ulikuwa mwembamba, pumzi ya mtu aliyelala. Malkia alitoka mkononi akapanda kama anaitwa huko juu. Kiraka alitupwa, akaelea kidogo, akafikiri, akashuka. Msusi alivuta, akabembeleza, akasema naye kwa sauti ya chini, wapi. Wenzake walikuwa hawajafika hata nusu ya mbio wakati vichaka vilipompokea Kiraka kwa mlio ambao kila mtu kilimani aliutambua.

"Salamu zangu kwa miiba!" dereva wa lori akamwambia. Dereva huyu alikuwa mtu mnene, mcheshi, ambaye kila mwaka alishika nafasi ya pili na hakuonekana kujali.

Msusi akateremka. Akarudi na mikwaruzo mikononi na Kiraka kwapani, ngozi ya bawa imechanika urefu wa kiganja. Akakaa mlangoni mwa gari, akafungua mkoba wake wa kazi, akatoa ile sindano iliyopinda anayoshonea wateja nywele za bandia, na uzi mweusi, akaanza kushona.

Mumewe akachuchumaa mbele yake. "Mama Watoto, usijitese. Tupakie twende. Tutapita mahali tule kitu kizuri, wewe na mimi."

Kusema kweli, Msusi alilitamani gari lile. Alitamani kukaa ndani, apandishe vioo, asione uso wa mtu. Alikaza uzi, akaukata kwa meno, akaitazama mishono yake. Ilikuwa imenyooka. Hakuna mtu kilimani pale angeweza kushona hivyo.

"Nishikie hapa," akamwambia mumewe, "nipitishe selotepu."

Walikuwa bado wanapitisha selotepu upepo ulipogeuka. Haukuanza kidogo kidogo. Ulikuja kwa mkupuo, ukapanda mteremko ukiulaza ukoka wote upande mmoja, ukachukua kofia ya Mwenyekiti, ukapindua viti viwili, ukaubeba mwavuli wa mfamasia, mrushaji mwenzao, mpaka barabarani. Watu wakaanza kukimbilia ndege zao na kuzilalia kama kuku anayefunika vifaranga.

"Tunaendelea!" kipaza sauti kikanguruma. "Mwenye kuogopa aseme sasa!"

Kila mtu aliogopa, na hakuna aliyesema.

Raundi ya pili ikawa kioja. Ndege zilizokuwa zikicheza asubuhi sasa zilirushwa huku na huku kama karatasi. Moja ilirudishwa nyuma ya kilima na kutua juu ya gari la mwenyewe. Nyingine ilisimama hewani, haiendi mbele wala nyuma, mwenyewe akiisihi. Zamu ya Msusi ilipofika, mumewe alimnyanyua Kiraka juu ya kichwa, akakimbia hatua chache, akamtupa.

Kiraka hakutikisika. Alikata upepo ule kama kisu kinavyokata mkate, akaenda moja kwa moja mpaka bendera nyekundu, filimbi ya mwamuzi ikalia, akageuka, akarudi. Msusi alishtuka hata akasahau kupumua. Vidole vyake, vilivyozoea kuvuta nywele kwa nguvu inayotosha tu, vilisikia ndege ikivuta upande wa pili, ngumu, hai, yenye hamu. Akaiachia kidogo. Ikaenda zaidi.

Alipomaliza mzunguko wa mwisho hakuna aliyepiga makofi. Mfamasia alikuwa ameelekeza macho bondeni. "Safari hii kaangukia wapi?" akauliza.

"Yuko juu," mumewe Msusi akajibu, na sauti yake ilikuwa na kitu kipya ndani yake. "Kamaliza. Kawa wa kwanza."

Ndipo zogo likaanza.

Mkunga alikuja kwa hatua ndefu, akamchukua Kiraka, akampima viganjani kama alivyowapima watoto wengi waliozaliwa mbele yake. "Yallah! Mtoto huyu ana kilo!" Akacheka. "Ndiyo maana. Upepo kama huu unataka mzito. Sisi tunahangaika kujaza vipande vya madini ya risasi tumboni mwa ndege zetu ziwe nzito, kumbe wewe umekuwa ukimshibisha gundi miaka yote."

"Kwa hiyo sina ufundi, nina gundi," Msusi akasema.

"Ufundi unao. Ila unamwonea huruma. Akianza kukimbia tu, unamvuta juu. Shusha pua, mwache aende! Na kona zako ni pana, unazunguka kama lori linatafuta maegesho. Mlaze ubavu kabisa, usiogope, ndipo uvute."

Msusi akamtazama. "Wifi, unanifundisha nikupige?"

"Nakufundisha ufike kwangu," Mkunga akasema, akimrudishia ndege. "Kunipiga ni shughuli nyingine."

Raundi ya tatu Msusi alishusha pua. Moyo ulimpanda mpaka kwenye meno, lakini alishusha. Alipofika kwenye kona alimlaza Kiraka mpaka bawa moja likaelekea ardhini na jingine mbinguni, akavuta, na ndege ikageuka ilipo kama mtu aliyeitwa jina lake. Akashinda tena. Watu waliokuwa wamekaa wakasimama, na tangu hapo hawakukaa.

Mwenyekiti akatangaza fainali: Mkunga, dereva wa lori, mfamasia, na hapo akakohoa, akakigonga kipaza sauti kana kwamba kinamdanganya, "na Msusi."

Sasa likazuka jambo. Kila mrushaji anahitaji mtu wa kumtupia ndege na kusimama begani mwake amwambie nani yuko wapi. Miaka yote, kwenye fainali, mumewe Msusi alikuwa begani mwa dada yake. Ilikuwa mazoea tu, maana mkewe hakuwahi kufika huko. Leo wanawake wawili walikuwa wamesimama ukingoni, kila mmoja na ndege yake, na yeye alibaki katikati kama kigae kisicho na ukuta. Akamtazama dada yake. Akamtazama mkewe. Akajifuta mikono kwenye suruali.

Msusi aliona jasho lake, akamhurumia. Alikuwa akifungua mdomo amwambie aende tu, yeye atajitafutia mtu, lakini Mkunga alimtangulia.

"Wewe mdogo wangu, unangoja nini? Leo ukinirushia mimi, kwako utakuta mlango umefungwa. Na kwangu pia usije, sikupokei."

Kilima kizima kikaangua kicheko. Fundi vigae akaenda kwa mkewe karibu anakimbia, akamchukua Kiraka. "Niambie nifanye nini," akamnong'oneza.

"Mtupe kwa nguvu. Halafu niambie unachokiona, usiniambie cha kufanya."

"Sawa."

Filimbi ikalia, ndege nne zikaondoka pamoja.

Ya mfamasia haikuchukua muda. Upepo uliiinua kwenye kona ya kwanza, ukaipindua, ukaipeleka nyuma ya magari, na yeye akaifuata mbio huku ameshika miwani. Dereva wa lori alikwenda vizuri, tena vizuri sana, mpaka alipogeuka kabla ya bendera ya njano, mwamuzi akamrudisha aanze mzunguko upya. "Ndiyo yale yale!" akacheka, akaendelea. Zikabaki mbili mbele, nyeupe na ya viraka.

"Yuko mbele yako kwa ndege moja," mumewe akasema. "Bado yuko mbele. Unamkaribia. Kona imekurudisha nyuma, yuko mbele tena."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye njia iliyonyooka Kiraka alimla Malkia kidogo kidogo. Kwenye kona Mkunga, aliyejua kona kama anavyojua njia ya wodini, aliirudisha nafasi yote. Walikwenda hivyo, wakarudi hivyo. Msusi hakuwa akisikia watu. Aliusikia upepo, na ile sauti ya mabawa ikipita mbele yake, fyuuu, kali, karibu. Shingo ilikaza. Chozi la upepo lilimtiririka, hakuwa na mkono wa kulifuta.

"Mizunguko miwili," mumewe akasema. Kisha, "Wa mwisho huu. Mko sawa. Hapana, yuko mbele kwa pua."

Kona ya mwisho ilikuwa bendera nyekundu. Kutoka hapo ni kurudi tu, mpaka njano. Msusi alijua kwamba akirudi kwa njia ile ile matokeo yatakuwa yale yale. Alipotazama mteremko aliona ukoka ulivyolala chini ya ukingo, umelala zaidi kuliko mahali pengine, unametameta. Huko ndiko upepo ulikokuwa na nguvu zake zote. Huko pia ndiko vilikokuwa vichaka.

Akamlaza Kiraka, akavuta, akashusha pua kuelekea chini ya ukingo.

"Mama Watoto!" mumewe akapiga ukelele, halafu akakumbuka ahadi yake. "Naona... naona vichaka!"

"Hata mimi naviona."

Kiraka akatoweka. Watu wote walitoa sauti moja, ile ya kumpa mtu pole. Msusi alikuwa amepiga hatua mbele mpaka vidole vya miguu vikatoka nje ya ukingo, mumewe amemshika mkanda wa suruali kwa nyuma. Kutoka mahali alipokuwa, ni yeye tu aliyeiona ndege yake: inapita juu ya miiba kiasi cha kuitikisa, inakimbia kama haijawahi kukimbia, selotepu moja imebanduka na kupepea kama utepe. Hakuivuta. Kila mfupa mwilini ulimwambia aivute. Aliiacha iende, iende, mpaka ilipobaki kidogo, ndipo akaiinua kwa upole ule anaomwinulia nao mteja kichwa kutoka kwenye beseni.

Kiraka alichomoza mbele ya ukingo kwa mlio uliofanya watu wainame. Malkia alikuwa pale, mweupe, anakuja kwa juu. Wakapita bendera ya njano.

Filimbi ililia mara mbili karibu pamoja. Mwamuzi wa bendera hiyo alikuwa Mwenyekiti mwenyewe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutumia kipaza sauti. Alikuwa amekishika chini, mdomo wazi.

"Nani?" Mkunga akauliza kwa sauti kubwa. "Mwalimu, tuambie, nani?"

"Kiraka," Mwenyekiti akasema. Kisha akakumbuka kipaza sauti chake, akakiinua kwa mikono yote miwili. "Kiraka! Kwa pua! Ni Kiraka!"

Mkunga ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele. Alivua kofia akaitupa, upepo ukaenda nayo, hakujali. "Amenipiga!" alilia kwa furaha kama ni yeye aliyeshinda. "Wifi yangu mimi, amenipiga mchana kweupe!" Dereva wa lori, aliyekuwa amekwisha itua ndege yake, akapiga honi ya mdomo. Mfamasia, ndege yake imevunjika mkononi, alikuwa akirukaruka. Fundi vigae alikuwa bado ameshika mkanda wa mkewe na analia waziwazi, wala hajifichi.

"Jamani, ndege!" mtu akapiga ukelele. "Ndege zenu bado ziko juu!"

Kweli. Katika zogo lile Kiraka na Malkia walikuwa wakienda zao. Mkunga akaishika rimoti yake haraka, akamleta Malkia, akamtua nyuma ya kilima bila mkwaruzo. Watu wakamgeukia Msusi, wakimsubiri naye atue.

Msusi alimgeuza Kiraka kuelekea upepo, akavuta. Ndege ikapanda. Akaipandisha tena, juu ya bendera, juu ya kilima, mpaka viraka vyake havikuonekana na ikabaki umbo jeusi tu lenye mabawa. Hapo akaipindua, tumbo juu, ikachora duara zima angani na kutoka upande wa pili ikiwa imenyooka. Hakuwa amewahi kufanya hivyo maishani mwake. Akafanya tena.

"Mshindi aje mbele!" kipaza sauti kikaita. "Kombe liko hapa! Mpiga picha anangoja!"

"Lisubiri," Msusi akasema, macho juu.

"Anasema lisubiri!" mumewe akawatangazia watu wote, akijipangusa mashavu.

Mkunga alimwangalia wifi yake, kisha akainama, akamchukua Malkia, akampa mdogo wake. "Haya, kazi imekwisha, sasa unaweza kunirushia. Mkeo hana ugomvi tena."

Fundi vigae akatupa. Malkia akapanda, akamfikia Kiraka, na ndege zile mbili zikaanza kuzunguka pamoja bila bendera wala filimbi.

"Kona yako bado pana," Mkunga akasema.

"Nimekupiga nayo hivyo hivyo."

"Umenipiga," Mkunga akakubali, wakasogeleana bega kwa bega, upepo ukiwapuliza nguo.